Mkono Unauma, Kisa Kiko Shingoni

Mwili wetu una tabia ya kulia mahali pengine na kuumia pengine. Mkono huwaka moto, kumbe kilichobanwa ni mshipa wa fahamu pale unapotokea shingoni. Wanadamu wamechukua muda mrefu kulielewa jambo hili.

Mwanzoni mwa karne ya 20, aliyefa ganzi vidole aliweza kukatwa ubavu wa ziada au msuli wa shingo. Diski, ule mto ulio kati ya pingili mbili, ilipopasuka, vipande vyake vilidhaniwa kuwa uvimbe. Mwaka 1934 Mixter na Barr wa Boston walionyesha kwamba ni diski yenyewe, imetoka mahali pake na kuukandamiza mzizi wa mshipa. Mwaka 1943 Semmes na Murphey wa Memphis walieleza habari za wagonjwa 4 ambao dalili zao zilifanana na za ugonjwa wa moyo, kumbe ni mshipa wa saba wa shingo.

Habari hiyo ilinigusa, kwani mkono wangu wa kushoto ulipoanza kuuma hadi kidole cha kati, nami niliuhofia moyo. Moyo ulipimwa kwanza, kama ipasavyo, ukaonekana mzima. Ndipo daktari akakiinamisha kichwa changu upande wa maumivu na kukikandamiza taratibu. Mkono ukashtuka kama umeguswa na umeme. Kipimo hicho kilielezwa na Spurling na Scoville mwaka 1944.

Je, nipasuliwe? Tangu miaka ya 1950 wapo wanaopasua kwa kupitia mbele ya shingo, na wengi wamenufaika. Lakini uchunguzi wa wagonjwa 561 wa Rochester, Minnesota, uliotolewa mwaka 1994, ulionyesha kuwa takriban 9 katika kila 10 hatimaye walipona au walibaki na shida ndogo tu, na ni kama robo tu waliopasuliwa. Nilichagua dawa za maumivu, mazoezi mepesi na subira. Baada ya miezi kadhaa maumivu yalikwisha.

Hata hivyo, subira ina mipaka. Mkono ukizidi kulegea, miguu ikiyumba, au mkojo ukishindwa kuzuilika, mwone daktari siku hiyo hiyo. Hapo uti wa mgongo wenyewe huenda umebanwa, na kungoja ni hatari.