Kutu ya soya
Kutu ya soya ni ugonjwa wa majani unaosababishwa na kuvu aitwaye Phakopsora pachyrhizi. Huanzia majani ya chini, penye kivuli na unyevu. Ukiligeuza jani utaona vipele vidogo vya hudhurungi vikitoa unga wa spora, ambao husafiri mbali kwa upepo. Uganda iligundua ugonjwa huu mwaka 1996, Brazili 2001. Dawa za ukungu, hasa triazoli iliyochanganywa na strobilurini, hufaa zikipigwa soya inapoanza kutoa maua na kufika hadi majani ya chini. Jani likishageuka manjano, dawa ni hasara tupu. Nchini Brazili kuvu huyo amejenga usugu dhidi ya dawa hizo, hivyo wakulima huongeza dawa ya mankozebu, na sheria hupiga marufuku soya shambani, hata maotea, kwa miezi kadhaa kila mwaka ili kuvu akose mmea wa kuishi.