Zero niliyompa mtoto, na chukudu ya Goma

Leo naanza na zero niliyompa mtoto mmoja.

Nilikuwa nafundisha fizika hapa Goma, kwa vijana wanaojitayarisha kwa Exetat. Swali: kitu kinakwenda moja kwa moja, mwendo haubadiliki, jumla ya nguvu zote juu yake ni ngapi? Mtoto akaandika: "Iko nguvu inayokisukuma mbele." Nikampa zero. Akanifuata nje: "Mwalimu, chukudu nikiacha kuisukuma, si inasimama?" Nikamwambia sheria ya kwanza ya Newton inasema hivyo, basi. Kusema kweli, sikuwa na jibu.

Ile usiku nikafungua vitabu. Kumbe mtoto alikuwa amejibu kama Aristotle! Huyo Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo alifundisha kwamba kitu hakiendi bila kinachokisukuma. Na mshale ukishatoka kwenye upinde, nani anausukuma? Hewa, akasema.

Yohane Philoponus, msomi wa Alexandria kule Misri (Afrika yetu hii, tusisahau), alikataa maneno hayo katika karne ya 6: anayerusha ndiye anayekipa kitu nguvu, hewa inakizuia tu. Karne ya 14, Jean Buridan wa Chuo Kikuu cha Paris akaleta mfano ninaoupenda sana: pia ya watoto. Pia inazunguka palepale, haihami. Sasa hiyo hewa itapita wapi ili iisukume kwa nyuma? Lakini hata hao wawili bado walitafuta kitu fulani kinachoendelea kusukuma.

Galileo njo aligeuza swali: akatafuta kinachosimamisha. Aliviringisha mipira kwenye mbao zilizoinama, akapima muda kwa kupima uzito wa maji yanayotiririka kutoka chomboni. Akawaza hivi: mpira ukishuka ubao mmoja, utapanda ubao wa pili karibu mpaka kimo kilekile. Ukiulaza ubao wa pili kidogo, mpira utakwenda mbali zaidi kukitafuta kile kimo. Ukiulaza kabisa, kimo hakifikiwi tena. Bila msuguano, mpira hauna sababu ya kusimama. Kitabu chake kilichapwa Leiden mwaka 1638, yeye akiwa kipofu na amefungiwa nyumbani kwa hukumu ya Kanisa. Newton alitoa sheria zake mwaka 1687.

Yaani kutoka kwa Aristotle mpaka hapo ni karibu miaka 2000. Mie nilimpa mtoto dakika tano.

Juma lililofuata tukaazima chukudu tupu. Akaisukuma kwenye mawe ya volkano, akaiachilia: hatua chache, imesimama. Akaisukuma vilevile kwenye lami: ikaenda mpaka tukaikimbilia. Akasema, "Kumbe barabara njo inaisimamisha!"

Nikamwambia asukume tena, polepole, mwendo usibadilike. Mkono wake unasukuma mbele, msuguano unavuta nyuma, vinalingana. Jumla?

"Zero," akasema, akacheka.

Kwa hiyo ile nguvu aliyoiandika ilikuwepo kweli, alisahau tu ya pili. Nikachukua karatasi yake nikamrudishia nusu ya alama. Akadai zote.