Bingwa wa Mwaka wa Wakombozi

Hapa Kinyamaseke, magharibi mwa Uganda, njiani kwenda Bwera, Kiswahili kililetwa na watu wa namna nyingi. Wachimba shaba wa Kilembe walikuja nacho baada ya reli kufika Kasese mwaka 1956. Wachuuzi wanaovuka Mpondwe kwenda na kurudi Kongo wakakiongezea maneno. Askari nao wakaja nacho, na hao ndio waliokiharibia jina. Enzi za Idi Amin, mlango ukigongwa usiku kwa Kiswahili, nyumba nzima ilizima taa. Ndiyo maana hunijia fahari na uchungu kwa pamoja nikikumbuka kwamba bingwa wa mwisho wa kandanda wa Uganda kabla ya vita vilivyomwangusha Amin alikuwa na jina la Kiswahili: Simba, timu ya jeshi.

Simba hawakuwa timu ya kubebwa na vyeo vya wakubwa wao. Waliutwaa ubingwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata wakafika fainali ya klabu bingwa Afrika. Hafia ya Guinea iliwafunga 4-2 kule Conakry, kisha 3-2 Kampala. Walirudi kileleni mwaka 1978, nao ulikuwa mwaka mkubwa kuliko yote katika soka letu. Mwezi Machi timu ya taifa, Uganda Cranes, wakiongozwa na nahodha Jimmy Kirunda, waliwatoa Nigeria 2-1 katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, wakasimama fainali mjini Accra mbele ya wenyeji Ghana. Opoku Afriyie akatufunga mawili. Philip Omondi alirudi nyumbani akiwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano.

Miezi saba baadaye majeshi ya Amin yakaingia Kagera, nchini Tanzania. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa Watanzania na Waganda waliotoka uhamishoni, ambao watu waliwaita wakombozi. Jeshi lililowalisha na kuwavisha mabingwa lilisambaratika, wengine wakikimbilia Sudan na Zaire.

Ujerumani iliwahi kupitia jambo linalofanana na hili, tena kwa ukaribu wa kushangaza. Fainali ya mwisho ya ubingwa wao wakati wa vita ilichezwa Berlin mwezi Juni 1944. Dresdner SC waliishinda 4-0 timu ya jeshi la anga kutoka Hamburg. Timu hiyo ya wanajeshi haikuiona hata Krismasi ya mwaka ule. Kombe lenyewe, Viktoria, likapotea machoni pa watu kwa miaka mingi. Wajerumani wakakaa bila bingwa mwaka 1945, 1946 na 1947. Walipojaribu tena mwaka 1948, timu zilizopangwa zilikuwa nane tu, za mtoano. Moja, SG Planitz kutoka upande uliokaliwa na Wasovieti, ilinyimwa ruhusa ya kusafiri. Tarehe 8 Agosti, mjini Köln uliobomolewa kwa mabomu, watu wapatao 75,000 waliwatazama 1. FC Nürnberg wakiwafunga Kaiserslautern 2-1. Upande wa Kaiserslautern alikuwamo Fritz Walter, ambaye miaka sita baadaye angeinua Kombe la Dunia.

Sisi hatukungoja miaka minne. Mwaka ule ule wa 1979, Kampala ikiwa imeporwa maduka, Yusuf Lule akiwa ametawala siku 68 tu kabla ya Godfrey Binaisa kushika nafasi yake mwezi Juni, Uganda ilipata bingwa wa ligi. Na bingwa huyo alikuwa Uganda Commercial Bank, timu ya benki.

Msomaji kijana atashangaa benki kucheza mpira, lakini ligi yetu ndivyo ilivyoumbwa. Balamaze Lwanga na Polycarp Kakooza waliianzisha mwaka 1968, baada ya Cranes kufanya vibaya katika Kombe la Mataifa kule Ethiopia, na miaka hiyohiyo Mjerumani Burkhard Pape akaja kuifundisha timu ya taifa. Mabingwa wa kwanza walikuwa Prisons, timu ya Magereza. Wakafuata watu wa kahawa, wanajeshi, halmashauri ya jiji. Mchezaji alikuwa na ajira, na mpira ulisimama juu ya mshahara. Naamini hapo ndipo nguvu ya timu ya benki ilipokuwa. Katika mwaka ambao shilingi ilikuwa ikiyeyuka mikononi, kuwa mtu wa benki hakukuwa jambo dogo.

Mwaka huo ulifungua milango mingine pia. Klabu ya Express, iliyokuwa imefungiwa na serikali ya Amin, ikapata nafasi ya kupumua tena. Vijana wa Nakivubo, ambao leo tunawaita SC Villa, walikuwa wamefika ligi kuu, na mwaka 1982 wakatwaa ubingwa wao wa kwanza. Historia ya soka letu huwapa Villa na KCC, timu ya halmashauri ya jiji, kurasa nyingi, na wanastahili. Lakini nadhani tumewanyima haki wale waliocheza kati ya vita na utawala ambao haukujulikana utaishi wiki ngapi, wakipita vizuizi vya askari wakienda mazoezini na kurudi kabla giza halijaingia.

Huku kwetu milimani ubingwa huo ulikuwa sauti ya redio. Tangu 1968 taji la ligi halijawahi kuja magharibi mwa nchi. Tulipokaribia zaidi ni kupitia Kitara ya Hoima, walioshinda Kombe la Uganda mwaka 2024, na hilo nalo ni kombe jingine.

Wajerumani walilipata Viktoria yao tena baada ya nchi kuungana. Nürnberg wapo, na mwaka wao wa 1948 husomwa kwenye orodha ya mataji yao. Uganda Commercial Bank iliuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawa Stanbic, na jina likaondolewa milangoni. Katika orodha ya mabingwa wa Uganda jina hilo limeandikwa mara moja tu, mwaka 1979. Juu yake wapo Simba, chini yake Nile ya Jinja.