Magari ya Zamani ya Afrika Mashariki na Mafundi Walioyadumisha

Utunzaji wa magari ya zamani Afrika Mashariki ulizaliwa na barabara mbovu na uhaba wa spea. Miongo mingi kabla watu hawajaanza kuyang'arisha magari hayo na kuyapeleka kwenye maonyesho, palikuwa na fundi aliyetakiwa kulifanya gari lile lile liendelee kutembea mwaka baada ya mwaka, kwa sababu la kulibadilisha halikuwapo. Ustadi huo ndio uliohifadhi karibu kila gari kuukuu linaloonekana leo Nairobi, Arusha au Mombasa.

Mizizi yake iko kwenye reli. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya 1896 na 1901, iliwaleta mafundi wengi kutoka India. Kati yao walikuwamo Masingasinga waliojua kufua chuma, kukereza na kuunga vyuma. Kazi ya ujenzi ilipokwisha, wengine walibaki kwenye karakana za reli na wengine wakafungua zao. Magari yalipoanza kuingia kwa wingi, karakana hizo ndizo zilizoyapokea. Chama cha wenye magari, ambacho leo kinajulikana kama AA Kenya, kilianzishwa mwaka 1919, wakati safari ya mbali ilikuwa kupita kwenye vumbi la kiangazi au kunasa kwenye udongo mweusi wa masika. Gari lilirudi na springi zilizokatika na shoki zilizokufa, na spea kutoka Ulaya zilikuja kwa meli. Fundi wa kuunda kipuri kwa mkono alihitajika kila siku.

Mwaka 1953 barabara hizo zikawa uwanja wa mashindano. Kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, katika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalifanyika mashindano ya kwanza ya Coronation Safari, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo mwanzo makundi ya washindani yalipangwa kwa bei ya gari dukani, na utaratibu huo ulikuwa na uzito mkubwa. Gari lililomaliza Safari lilifanana sana na lile ambalo mkulima wa Nakuru au mfanyabiashara wa Moshi angeweza kulinunua wiki iliyofuata, kwa hiyo matokeo yalisomwa kama ushahidi. Volkswagen Beetle ilishinda mwaka 1954, na ikapata jina la kutosumbua. Injini yake inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kutoboka wala maji ya kuchemka mlimani.

Katika miaka ya 1960 Peugeot ndiyo iliyovuna zaidi. Modeli ya 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Katika mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka na saba tu yakafika mwisho. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na tena yakafika saba. Kati ya madereva walioshinda kwa 404 alikuwamo Bert Shankland, dereva wa Tanzania, aliyeshinda mara mbili akiwa na Chris Rothwell. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza ufundi kwenye gereji ya baba yake, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kwake dereva na fundi walikuwa mtu mmoja, na hilo lilimsaidia katika mbio ambazo gari lilitengenezwa njiani, usiku, kwenye matope.

Ubora wa Peugeot 404, na wa 504 iliyoifuata mwaka 1968, unaeleweka vizuri zaidi injini ikifunguliwa. Silinda zake ni slivu za kuchomoa, zinazozungukwa moja kwa moja na maji ya kupozea. Zikichakaa, fundi hahitaji kuipeleka bloku ya injini kwenye mashine ya kutobolea. Anazichomoa slivu nne, anasafisha kutu na tope lililotuama chini yake, anaweka sili mpya, kisha anashusha slivu nyingine pamoja na pistoni na ringi zake. Kazi inaweza kufanyika chini ya mwembe. Ila ina sehemu moja isiyosamehe uzembe: kila slivu lazima isimame juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo sana, chini ya unene wa ukucha, na zote nne zilingane. Ikizama, gasketi ya silinda hedi haibanwi sawasawa, maji yanapenya kwenye oili, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi mzoefu huweka rula ya chuma juu ya slivu na kupitisha kipimo cha filagheji kabla hajafunga nati hata moja. Mwenye haraka huruka hatua hiyo, na gari humrudia.

Land Rover ilifuata njia nyingine. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini kwa sababu Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na upungufu wa chuma. Lililofanywa kwa shida likawa faida katika nchi za mvua. Bodi haikuoza, na kwa kuwa imefungwa kwa bolti, mlango au bawa lililobondeka liliweza kufunguliwa na kuwekwa la gari jingine. Udhaifu wake uko kwenye chesisi, ambayo ni ya chuma. Matope huingia ndani ya mihimili yake na kukaa, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Pwani hali ni mbaya zaidi. Hewa ya chumvi hushambulia pale alumini inapogusana na chuma, na alumini hubadilika kuwa unga mweupe. Anayefufua Land Rover iliyofanya kazi Tanga au Mombasa huanza kwa kuigonga chesisi kwa nyundo ndogo, mahali hadi mahali. Mlio mzito na butu humwambia palipooza; hapo hukatwa na kuchomelewa bamba jipya. Kupiga rangi ni kazi ya mwisho kabisa, ingawa ndiyo wapita njia wanayoisifu.

Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilianza kuunganisha magari kwenye viwanda vya Thika, Nairobi na Mombasa. Peugeot 504 iliendelea kuunganishwa nchini humo hadi mwaka 2004, muda mrefu baada ya Ulaya kuiacha, na ile ya stesheni wagoni ikawa gari la abiria la safari ndefu. Tanzania ilipita mahali pagumu zaidi. Kupanda kwa bei ya mafuta na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha fedha za kigeni, na magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Spea hazikupatikana. Gari moja lilichinjwa ili mengine mawili yaishi, bushi zikachongwa kwenye matairi yaliyokwisha, gasketi zikakatwa kwenye karatasi ngumu. Kenya nayo ilikuwa na mafundi wake wa jua kali, yaani wanaofanya kazi nje juani, ambao kazi yao ilianza kupewa heshima ya kiserikali Rais Moi alipowatembelea wale wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985 na kuahidi kuwajengea vibanda. Wanahistoria wa magari huwasahau watu hawa mara nyingi, na ni dhuluma. Bila wao hakuna cha kuonyesha.

Kisha biashara ikafunguliwa, na miaka ya 1990 magari ya mitumba kutoka Japani yakajaa mitaani. Yalikuwa ya bei nafuu, yalikunywa mafuta kidogo, na spea zake zilipatikana kila kona. Magari ya Ulaya yaliyokuwa yamevumilia miaka thelathini yalipoteza thamani kwa miaka michache tu. Mengi yaliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Pistoni na magamba ya gia boksi viliyeyushwa na kumiminwa kuwa sufuria. Hasara hiyo haikuonekana wakati ule. Yaliyosalia yalikuwa ya wazee walioshindwa kuagana nayo, ya mashamba, ya misheni, na ya gereji ambako mwenyewe aliacha gari akaahidi kurudi.

Kundi dogo la wapenzi wa magari lilikuwa limeshaanza kuyatunza mapema. Tangu mwaka 1970, klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo huko Nairobi imekuwa ikiandaa mashindano ya Concours d'Elegance, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Magari na pikipiki hupangwa kwa ukubwa wa injini, na majaji hukagua bodi, rangi, viti, injini na hata chini ya gari. Mashindano hayo yaliwafundisha wamiliki kutunza kwa macho ya mtu mwingine, kwani tope lililofichika nyuma ya gurudumu hupunguza alama.

Mwaka 2003, Safari ilipotimiza miaka 50, yalizaliwa mashindano ya East African Safari Classic kwa magari ya enzi zile. Björn Waldegård wa Sweden alikuwa wa pili kwenye Safari ya 1974 kwa Porsche 911, gari ambalo halikuwahi kushinda Safari ya zamani. Mwaka 2011 alirudi na Porsche 911, akashinda Classic. Mkenya Ian Duncan alishinda mwaka 2009 kwa Ford Mustang na 2013 kwa Ford Capri. Gari la Classic hufunguliwa kila jioni, na mafundi wa Kenya wanaolihudumia wamepata soko la ustadi uliokaribia kukosa kazi.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, linalitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa angalau miaka 30, likitunzwa katika hali sahihi ya asili yake, na lisipotumika kama usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho halilingani vizuri na Afrika Mashariki. Land Rover ya mwaka 1970 inayopeleka maziwa sokoni ina historia zaidi kuliko ile iliyofunikwa turubai, hata kama breki zake zimebadilishwa mara tatu na injini yake si ile iliyotoka nayo kiwandani. Ni kweli kwamba kubadilisha hovyo kunafuta ushahidi, na mmiliki makini huhifadhi hata kipuri kibovu alichokitoa. Lakini viraka vya jua kali ni sehemu ya maisha ya gari hilo, na anayevikwangua vyote ili lifanane na la Uingereza anapoteza kitu cha hapa.

Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 lilionyesha mchanganyiko huo barabarani: zilizofufuliwa hadi bolti ya mwisho ziliandamana na nyingine ambazo hazijawahi kuacha kufanya kazi za porini. Tatizo kubwa la sasa ni watu. Kijana anayesomea ufundi leo hujifunza kusoma hitilafu kwa kompyuta, na gereji nyingi hazina tena mtu wa kurekebisha kabureta kwa kusikiliza injini au kusafisha pointi za distributa na kupima nafasi yake. Spea za Peugeot bado huagizwa nje, na vipuri vya Land Rover vinaendelea kutengenezwa Uingereza. Baadhi ya wamiliki wa Nairobi na Arusha sasa wanawalipa mafundi wazee wafanye kazi wakiwa na mwanafunzi kando, naye ndiye anayeshika spana.