Kulala, Tidur na Foronya: Maneno ya Malazi Tokea Faza

Mwanafunzi wa historia ya maneno aliyeko Faza, kisiwani Pate, hana budi kujihadhari na mvuto wa bahari. Mji huu, uitwao pia Rasini, umefikiwa na vyombo vya mataifa mengi hata ni rahisi kudhani kuwa kila neno lilishuka pwani pamoja na shehena.

Tuanze ng'ambo. Neno la Kiindonesia tidur, yaani "kulala", lina ndugu zake: turu katika Kijava, tulog katika Kitagalogi, matory katika Kimalagasi. Udugu huu hauthibitishwi na mfanano mtupu, bali na utaratibu: r ya mwisho ya Kimalai hukabiliana na g ya Kitagalogi, kama katika telur na itlog, "yai", au dengar na dinig, "sikia". Ndiyo maana wataalamu huliunda shina la kale kuwa *tuduR. Ile i ya tidur ni mageuzi ya Kimalai chenyewe. Nalo matory ni shahidi mzito, kwani lilivuka Bahari ya Hindi pamoja na wahamiaji hadi Bukini.

Faza halikutia nanga. Watu wa huko, wasemao Kitikuu, hulala kwa kitenzi cha Kibantu, mwenziwe lala ya Kizulu na rara ya Kikikuyu. Tendo la kila usiku haliazimiwi jina upesi. Vifaa vya malazi ni habari nyingine: godoro lina asili ya Bara Hindi, takia ya Uajemi, na foronya ni fronha ya Kireno.

Hili la mwisho lataka kutafakariwa. Mwaka 1586 Mir Ali Bey alikuja kwa niaba ya Waturuki, na Faza ikamuunga mkono. Mwaka 1587 merikebu za Wareno zikaja kutoka Goa kulipiza kisasi: mji ukateketezwa, wakazi wakauawa, miti yao ikakatwa. Ungetarajia lugha ya adui huyo ikataliwe hata kitandani. Walakini foronya limedumu, sawa na meza na bendera, ambayo Waindonesia nao waliyapokea kwa Wareno hao hao, wakasema meja na bendera. Wako wanaoyachukua maneno haya kuwa dalili ya maelewano. Siafikiani nao. Neno hufuata bidhaa, na bidhaa hupita mikono mingi sokoni kabla ya kuingia chumbani. Foronya ni la pwani nzima, si la mji mmoja. Na mto wenyewe, uliovikwa foronya hiyo, haukubadilishwa jina lake la Kibantu.