Takrima: miaka 20 tangu pilau ya mgombea ifikishwe mahakamani

Miaka 20 imetimia tangu Mahakama Kuu ya Tanzania iifute takrima, Aprili 2006. Ukiisoma hukumu ile leo, utadhani imeandikwa kwa ajili ya kura za maoni za juzi.

Enzi za chama kimoja, kampeni ilikuwa mali ya chama. Mwaka 1965 TANU iliwapandisha wagombea wawili jukwaa moja, huyu na alama ya jembe, yule na ya nyumba, na hata waziri wa fedha, Paul Bomani, akaangushwa. Mwaka 1995 vyama vingi viliporudi kwenye sanduku la kura, fulana, kanga na pilau zilikuja navyo.

Bunge lingeweza kuyakomesha mambo hayo. Badala yake, mwaka 2000, mwaka wa uchaguzi, likaingiza vifungu katika Sheria ya Uchaguzi: kinachotolewa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, kisihesabiwe rushwa. Hiyo ndiyo takrima.

Mashirika matatu ya kiraia, LHRC, LEAT na NOLA, yakamfikisha mahakamani Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Takrima inaishia wapi na rushwa inaanzia wapi? Sahani ya wali? Ng'ombe mzima? Sheria ilikaa kimya. Na mgombea asiye na kitu angeshindana vipi na mwenye fedha za kukirimu jimbo zima? Serikali ikajibu kwamba huo ni ukarimu wa Kiafrika. Utetezi huo unanichekesha mpaka leo. Kwetu anayekirimiwa ni mgeni. Huyu anayeonekana kila baada ya miaka mitano amekuwa mwenyeji lini?

Majaji Kimaro, Massati na Mihayo hawakushawishika. Walisema vifungu hivyo ni vya kibaguzi na vinavunja Katiba, wakavifuta.

Ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, yenye ukomo wa matumizi. Mwaka huohuo CCM iliwafungulia wanachama wote kura za maoni za kuteua wagombea wake, maana kununua maelfu ni kazi kuliko kununua wajumbe wachache wa chama. Kufikia 2020 kura ilikuwa imerudi kwa wajumbe. Bahasha hazikuwahi kuondoka, ila nazo hazina dhamana: mwaka ule watia nia walioangukia pua ndio waliotuachia msemo wa "wajumbe si watu".