Mtihani wa Mwaka 1977 katika Nchi ya China

Mwalimu akiingia darasani mwanzo wa mwaka, swali ambalo wanafunzi hupenda kumwuliza ni hili: "Mwalimu, mtihani u lini?" Akiwajibu kwamba mtihani u mbali, wengi hutulia, wakaweka vitabu kando mpaka siku zikaribie. Wazazi nao pengine hufikiri vivyo hivyo. Humpa mtoto kazi za nyumbani mwaka mzima bila nafasi, kisha mwezi wa mwisho humwambia, "Sasa soma." Kwa sababu hiyo nataka kuwasimulia habari za mtihani mmoja wa kuingia vyuo vikuu, uliofanywa katika nchi ya China mwaka 1977. Watu walioufanya walitangaziwa habari zake mwezi mmoja na nusu hivi kabla ya siku yenyewe, nao mtihani kama huo haukuonekana katika nchi yao kwa muda wa miaka kumi na mmoja.

Wachina ni watu waliozoea mitihani tangu zamani. Kwa muda wa miaka zaidi ya elfu wafalme wao walichagua maofisa kwa mitihani ya kuandika, mpaka desturi hiyo ilipokomeshwa mwaka 1905. Baadaye, mwaka 1952, serikali iliweka mtihani mmoja wa nchi nzima kwa vijana waliomaliza shule za sekondari na kutaka kuingia chuo kikuu. Hata ilipofika Juni mwaka 1966, vijana wakiwa wamekwisha kujitayarisha, ikatoka amri kwamba mtihani umeahirishwa kwa nusu mwaka. Nusu mwaka ile ikawa miaka kumi na mmoja. Maana ndipo yalipoanza machafuko makubwa yaliyoitwa Mapinduzi ya Utamaduni. Walimu wengi walitukanwa na kupigwa na wanafunzi wao wenyewe, vitabu vikachomwa moto, na shule nyingi zikafungwa kwa muda.

Tangu mwisho wa mwaka 1968 vijana wa mijini walipelekwa vijijini kwa wingi wakalime, na katika miaka iliyofuata hesabu yao ilipita milioni 15. Wengi hawakujua kama watarudi kwao. Vyuo vikuu vilipoanza tena kupokea watu, toka mwaka 1970, havikuwachagua kwa mtihani, bali kwa kupendekezwa na wenzao wa kazini na wakubwa wao. Wengine waliochaguliwa walistahili. Lakini mara nyingi mwenye jamaa mkubwa alitangulizwa. Mwaka 1973 ilijaribiwa kuwapima kwa maswali. Kijana mmoja wa jimbo la Liaoning, aliposhindwa kujibu, aliandika barua nyuma ya karatasi yake ya mtihani, akisema kwamba yeye alikuwa shambani kazini wala hakupata nafasi ya kusoma. Barua ile ikachapwa gazetini, akasifiwa kama shujaa, akaingizwa chuoni. Fikirini basi, kijana mwingine aliyekuwa akisoma usiku kwa siri alifundishwa nini na habari ile? Aliambiwa kwamba kusoma kwake ni upuzi.

Hata waliobaki shuleni walipata elimu haba. Mahali pengi somo la fizikia liligeuzwa kuwa habari za mashine tatu na pampu moja, yaani injini ya dizeli, mota ya umeme, trekta, na pampu ya maji. Vitu hivyo vina faida, walakini mtoto aliyefundishwa hivyo tu hakuzijua kanuni zilizo chini yake.

Mao Zedong alifariki Septemba 1976. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, Deng Xiaoping, aliyekuwa amerudishwa katika madaraka karibuni, aliwaita wataalamu na walimu kadha wa kadha katika mji wa Beijing wamweleze hali ya elimu. Mmoja wao, Zha Quanxing, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Wuhan, alisema waziwazi kwamba njia ya kupendekezana imeharibika, akaomba mtihani urudishwe mwaka ule ule. Deng akakubali. Tarehe 21 Oktoba 1977 habari ikatangazwa kwa redio na magazeti. Wakulima, wafanyakazi, askari na wanafunzi wote waliruhusiwa kujaribu mpaka umri wa miaka 25, na wengine mpaka 30, hata wenye wake na watoto.

Hapo watu wakaanza kutafuta vitabu mbio. Waliokuwa wameficha vitabu vyao vya shule chini ya vitanda au darini waliviondolea vumbi. Wasiokuwa navyo waliazima na kunakili kwa mkono. Katika mji wa Shanghai watu walijipanga safu ndefu madukani kununua vitabu vya kujifunzia hesabu, fizikia na kemia, vilivyotungwa kabla ya machafuko na kupigwa chapa upya. Karatasi yenyewe ilikuwa adimu, hata serikali ikachukua ile iliyowekwa kwa kuchapa maandiko ya Mao, ikachapia maswali ya mtihani. Mchana watu walilima, usiku walisoma kwa taa ya mafuta. Walimu wa zamani, wale waliotukanwa, walifungua madarasa yao, na watu wakajaa mpaka madirishani.

Kila mtu alipaswa kupanga shauri lake. Siasa, lugha ya Kichina na hesabu zilikuwa lazima kwa wote; kisha mtu alichagua ama fizikia na kemia, ama historia na jiografia. Siku zilikuwa chache, wala hakuna aliyeweza kusoma yote. Aliyekuwa na msingi alirudia aliyoyasahau. Asiyekuwa na msingi alianza mwanzo, akapitwa na wakati.

Mtihani ulifanywa kila jimbo kwa maswali yake, katika Novemba na Desemba. Watu yapata 5,700,000 waliufanya, wakapata nafasi kama 273,000, yaani katika kila watu 100 hawakufika watano. Wengi miongoni mwa waliofaulu walikuwa wale waliosoma sekondari kabla ya shule kuharibika, au wale waliopata mtu wa kuwafundisha faraghani. Mmoja wao ni Li Keqiang. Alipokuwa mtoto, mzee mmoja mwenye elimu alimfundisha jioni maandiko ya kale, wakati shule zilipokuwa hazifundishi kitu cha maana. Mwaka 1974 alipelekwa kulima katika wilaya ya Fengyang. Mwaka 1977 akafanya mtihani, akaingia Chuo Kikuu cha Peking kusoma sheria. Toka mwaka 2013 mpaka 2023 alikuwa waziri mkuu wa nchi yake.

Lakini tusiwadharau walioshindwa. Mlango ulifunguliwa kwa wote, ila njia za kuufikia hazikuwa sawa. Mtoto wa kijijini aliyekosa kitabu na mwalimu hakuwa mvivu, alinyimwa. Na wengi hawakukata tamaa. Mtihani ulirudi majira ya joto ya mwaka 1978, na tangu hapo haukosi mwaka. Yu Minhong, mtoto wa kijijini katika jimbo la Jiangsu, alishindwa mwaka 1978, akashindwa tena mwaka 1979. Mwaka 1980 akaingia Chuo Kikuu cha Peking, na baadaye akaanzisha shule mashuhuri za kufundisha Kiingereza.

Sasa sisi twajifunza nini? Kwanza, wiki zile chache hazikumpa mtu elimu asiyokuwa nayo; zilimkumbusha ile aliyoiweka. Mwanafunzi wa sekondari aanze kujitayarisha kwa mtihani wa mwisho tangu siku anayoingia, kidogo kidogo kila siku, hasa katika hesabu, maana hesabu hujengwa jiwe juu ya jiwe. Pili, mzazi asiuze vitabu vya mtoto aliyemaliza darasa, wala asivifanye karatasi ya kufungia chumvi. Avitunze kwa ajili ya mdogo wake, na jioni ampe mtoto saa moja ya taa. Tatu, aliyetangulia amfundishe anayefuata, kama mzee yule alivyofanya, ajapokuwa hajui kama mtihani utakuja.

Wazee wetu wamesema kwamba akiba haiozi. Twalijua neno hilo katika mahindi na mtama, kwa kuwa mkulima hangoji njaa iingie ndipo ajenge ghala. Vijana wale wa China waliosoma gizani kwa miaka kumi na mmoja hawakuahidiwa na mtu yeyote kwamba siku itafika. Siku ilipofika, kila mmoja aliifungua ghala yake, akakuta kile alichokiweka.